Magazeti ya Voile

Mimi hushona voile. Huko pwani wanasema shela, nimeona hivyo vitabuni, lakini hapa Bukavu ukimwambia bibi harusi habari za shela atafikiri unamtajia jina la mtu. Sisi tunasema voile, kama Wafaransa walivyotuachia, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa hiyo: voile za maharusi wa Jumamosi, voile za watoto wa komunyo ya kwanza, na voile za masista. Za masista ndizo zinazonilisha, maana masista hawaahirishi ndoa.

Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yangu, Cimpunda, kwenye kichochoro chenye ngazi za udongo ambazo mvua huzifuta kila mwaka nasi tukazichonga upya. Nina mashine moja ya kukanyaga, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na kabati. Ndani ya kabati hilo, mahali ambapo mshonaji mwenye akili angeweka vitambaa, nimeweka magazeti ya mashua. Yamezidi mia. Yote ni ya mashua zenye tanga, na mimi sijawahi kupanda hata moja. Meli ya kwenda Goma nimeipanda mara mbili tu, na mara zote mbili nilitapika. Habari ya magazeti hayo ni ya kijinga, lakini ni yangu, na nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka ishirini na mdogo wangu akiwa na sita. Baba alikuwa ameshaondoka kwenda Shabunda kutafuta dhahabu, hakurudi, wala hakuna aliyetuletea habari yake. Basi mtoto nikamlea mimi. Nilimlea kwa mdomo, nakiri. Sikuwa na nafasi ya kubembeleza. Nilimfokea asubuhi akichelewa kunawa, nikamfokea mchana akirudi na sare imejaa tope, nikamfokea akipata alama mbaya, na akipata nzuri nilimfokea kwa nini si nzuri zaidi. Majirani walizoea. Walisema ukisikia kelele katika nyumba ile, ujue wote wawili ni wazima. Yeye alikuwa ananiacha nimalize, kisha anauliza kuna nini cha kula. Tuliishi hivyo na ilitutosha.

Alipokuwa mtu mzima alipata njia ya kwenda Ubelgiji kusoma. Masomo yaliisha, akapata kazi katika nyumba ya wazee, huko ambako wazee hukaa pamoja na kuogeshwa na watu wasio watoto wao. Nilibaki hapa na mashine. Sikuolewa, na usiniulize kwa nini, sijui nikujibu nini. Ndugu wengine hatuna. Kwa hiyo unaposoma haya uelewe jambo moja: mtu huyo alikuwa ndiye mtu wangu wa pekee duniani, na nilichokiogopa kuliko vyote ni kumpoteza kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo alinipigia simu siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, laini inakatika, akaniuliza anitumie nini. Wakati huo maharusi walikuwa wameanza kuniletea picha ndani ya simu zao, voile zenye mikunjo na ngazi ngazi ambazo sikuwahi kufundishwa kule kwa masista niliposomea ushonaji. Nilikuwa nakisia tu. Nikamwambia, "Unitumie magazeti ya voile." Akasema, "Ya voile? Bien, yaya." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Laini ikakatika.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo kila kitu kiliharibika. Kifaransa kina voile mbili. Moja ni ya kiume, hufunika kichwa cha mwanamke. Nyingine ni ya kike, ndiyo tanga, hukamata upepo. Aliyepanga mambo hayo hakufikiri sana. Mfaransa akisema le au la, mwenziwe anajua ni ipi. Sisi tukichukua neno lao tunaacha hivyo vidude vya mbele, hatuna kazi navyo, na katika mji huu wa ndoa na mapadri hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Voile ni voile. Lakini mdogo wangu alikuwa hajui magazeti huagizwaje, akamwomba mwenzake wa kazini, Mbelgiji, amsaidie kupiga simu. Alimwambia, magazeti ya voile, ya mwaka mzima, kwa dada yangu Kongo. Mwenzake akaagiza. Anwani ilikuwa ile ya masista, sanduku lao la posta lililoko ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, kwa kuwa kwetu barua zilishaacha kufika.

Miezi ikapita bila neno. Kisha siku moja sista wa ekonoma, yule anayeshika fedha za nyumba yao, akaja kuchukua voile zake sita, akaniwekea mezani bahasha ya plastiki yenye jina langu. Nilinawa mikono kabla ya kuifungua. Juu kuliandikwa VOILE kwa herufi nene, na chini yake kulikuwa na mashua imelala ubavu, watu wawili wameketi ukingoni wamelowa chapachapa. Nilidhani ni harusi ya Wazungu ndani ya mashua. Kweli kabisa, nilimtafuta bibi harusi. Niligeuza ukurasa kwa ukurasa, nikaona kamba, nanga, ramani, mwanamume anakula supu kwenye sufuria, na mpaka jalada la nyuma hakuna hata mwanamke mmoja aliyefunikwa kichwa, isipokuwa yule aliyevaa kofia ya mvua.

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Kama angekuwa karibu, angenisikia mpaka soko la Kadutu. Lakini hakuwa karibu, na nilikuwa na mfano chini ya pua yangu. Jirani yangu wa ngazi za juu ana kijana Canada. Kijana alimtumia viatu, viatu vikawa vidogo, maman akampigia simu akamwambia hata miguu ya mama yako umeisahau. Kijana alinyamaza. Ikawa miaka mitatu mama huyo anapiga namba ileile, na anayejibu ni mashine. Mtaa mzima ulikuwa ukisema kwamba watu walioko ng'ambo wanachoka haraka, wana kazi nyingi, wana baridi, ukiwasumbua wanabadilisha namba. Nikajiapiza kwamba mimi sitamchosha wangu.

Jumapili iliyofuata alipiga simu. Aliniuliza kama gazeti limefika. Nikasema limefika, ni zuri, merci sana. Alinyamaza kidogo. Nilidhani ni laini. Kisha akasema, de rien, kama mtu anavyojibu asante, na tukaongea juu ya baridi.

Mwezi uliofuata likaja lingine, na mwingine lingine, wakati mwingine matatu kwa pamoja. Mwaka ulipoisha nilidhani yatakoma, hayakukoma. Mwanzoni nilitumia karatasi zake kupima mikato. Halafu ukaja msimu wa mvua ambao wateja walikuwa wachache, nyumba iko kimya, na mimi si mtu wa kukaa kwa jirani kuhesabu ya watu. Nikaanza kusoma.

Yale ya miaka ya mwanzo yalikuwa magazeti ya watu wa kazi. Sijui niseme vipi vingine. Picha zake hazikuwa nzuri, nyingi zilipigwa na wasomaji wenyewe, watu wenye pua nyekundu na sweta zilizotoboka viwiko. Kulikuwa na kurasa nne za barua. Kulikuwa na michoro ya kujitengenezea mashua kwa mbao, hatua kwa hatua, mpaka idadi ya misumari. Na kulikuwa na kurasa za ushonaji. Ndiyo, ushonaji. Tanga linapochanika baharini huwezi kuliitia fundi, lazima ulishone mwenyewe, kwa hiyo walifundisha: kiraka kikatwe pembe zake ziwe za mviringo ili zisiinuke, uzi upakwe nta, zigzagi ipite juu ya ukingo mara mbili, mahali panapovutwa na kamba paongezwe kitambaa tabaka tatu, na kila tabaka lizidi lililotangulia. Nilijaribu kwenye mashine yangu na kuona kwamba watu hawa wanajua wanachosema. Mpaka leo majoho ya kwaya ninayoshona hayachaniki kwapani, na mama wa soko wananiletea turubai zao. Hakuna hata mmoja aliyejua nimejifunza wapi.

Aliyenipendeza zaidi ni mzee mmoja aliyejibu maswali ya wasomaji. Hakuwa na adabu hata kidogo. Mtu anaandika kwamba mashua yake inavuja. Mzee anamjibu, umeshaangalia pale unapoona uvivu kuangalia? Mwingine anasema anataka kuvuka bahari na mke wake anaogopa. Mzee anamwambia mke wake ana akili, amwulize yeye. Kisha, baada ya kumsugua mtu hivyo, anamweleza kwa utaratibu kila kitu cha kufanya, mistari thelathini, bila kuruka kitu. Nilicheka peke yangu kwenye chumba hiki. Nilimjua mzee yule. Ndivyo nilivyokuwa mimi zamani, nilipokuwa na mtu wa kufokea.

Siku hizo nilikuwa mpole. Kila Jumapili ya pili simu ilikuwa inalia, na mimi natoa sauti ya kupokea wageni. Unaendelea vizuri? Vizuri. Kazi? Iko. Afya? Mungu anasaidia. Baada ya hapo hatukuwa na la kusema, ndipo nikaanza kumweleza yaliyomo kwenye gazeti. Nilimwambia juu ya mwanamke aliyezunguka dunia na paka. Nilimwambia juu ya mzee mkali. Alisikiliza. Aliuliza swali hapa na pale. Dakika sita, saba, kisha nasema merci, naye anasema de rien. Nilijiambia kwamba ni bora kuongea juu ya mashua kuliko kutoongea kabisa.

Siku moja alikuja mtu mzima, mlinzi wa nyumba moja ya kando ya ziwa, Muhumba, amebeba gunia kichwani. Aliniambia, "Maman, banasema njo weye, weye mwenyewe, unajua mambo ya voile. Hii ya patron imepasuka." Nilimwuliza ndoa ni lini. Alinitazama. Akafungua gunia, akaanza kuvuta kitambaa cheupe, kigumu kama karatasi, akavuta, akavuta, mpaka kikajaa chumba na kutoka mlangoni kikalala kwenye ngazi, na watoto wa jirani wakaja kuuliza maiti ni wa nani. Lilikuwa tanga. Patron wake, yaani tajiri wake, alikuwa Mzungu wa mashirika ya misaada, ana mashua ndogo ya kuchezea siku za mapumziko, na mlinzi alikuwa amefanya kosa lilelile la mdogo wangu, ila kutoka upande wa pili.

Nililishona kwa siku nne. Nilivunja sindano tatu. Kwenye pembe, mahali palipokuwa panene mno kwa mashine, nilishona kwa mkono, kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani kama gazeti lilivyoonyesha. Siku ya kulipeleka niliomba nibaki nilione. Mzungu alilifunga, akalivuta juu, upepo ukaliingia, na kiraka changu kikakaa sawa bila mkunjo hata mmoja. Mashua ikaondoka. Haikutoa sauti. Ilipita wavuvi wa sambaza, vidagaa vya ziwa letu, waliokuwa wanakausha nyavu, ikapita ncha ya rasi, na mimi nimesimama kwenye majani na gunia tupu mkononi. Nilitaka sana kuwe na mtu pembeni yangu nimwambie, ona. Mlinzi alikuwa ameshaingia ndani kunywa chai.

Nilimweleza mdogo wangu. Alifurahi, alicheka, aliuliza mambo mengi kuliko siku zote. Halafu akasema, "Kwa hiyo yaya, sasa uko nashona voile ya bateau, ya mashua. Hauna kitu ya kuniambia?" Akangoja. Nikasema ndiyo, ninacho, merci kwa magazeti, bila hayo nisingeweza. Akanyamaza tena kama ile siku ya kwanza. Nilidhani amechoka na kazi.

Mzungu mkataba wake uliisha kabla ya mwaka kwisha, na mashua ikageuzwa juu chini kwenye majani. Hakuna tanga lingine lililoletwa kwangu.

Na magazeti nayo yakaanza kubadilika. Kwanza karatasi, ikawa laini, ya kung'aa, haipokei tena alama ya penseli. Kisha watu. Wenye sweta zilizotoboka wakatoweka, wakaja vijana wenye meno, wamekauka, hakuna aliyelowa. Sikuelewa mtu anafanyaje baharini bila kulowa. Barua za wasomaji zikapungua, kurasa nne zikawa mbili, zikawa nusu, zikawa mistari ya kusifu gazeti. Mahali pa michoro ya mbao na misumari pakaja picha za saa za mkononi. Saa, miwani, manukato, na tena saa. Mashua zikawa na vitanda vipana na friji na meza za kioo, na ukisoma maneno yake hayakuambii namna ya kuzitunza, yanakuambia tu kwamba ya jirani yako ni fupi kuliko hii.

Nilivumilia. Nilipoona mashua zinazoruka juu ya maji kwa mabawa ya chini, nikasema sawa, dunia inakwenda. Lakini mwezi mmoja walionyesha kiwanda cha matanga, ukumbi mkubwa, na hakuna sindano. Waliandika kwa majivuno kabisa kwamba matanga ya sasa hayashonwi, yanabandikwa kwa gundi, na rangi yake ni nyeusi. Nililifunga gazeti lile nikaenda kutembea. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Mtu anisaidie: kama hakuna wa kushona, nani atajua pale litakapochanikia?

Mzee wa maswali alikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Walimpunguzia nafasi, wakamwekea picha, wakamsafisha maneno mpaka akawa anasema "swali zuri sana". Nilijua kwamba si yeye tena, hata kama alikuwa yeye. Kisha toleo moja likaja bila yeye na bila maelezo. Nilitafuta mara tatu. Jioni ile sikupika. Najua ni mzee Mzungu nisiyemjua, anayekaa kwenye bahari nisiyoiona, lakini alikuwa mtu wa mwisho aliyekuwa anafoka ndani ya nyumba hii.

Kwenye simu sikumwambia mdogo wangu kwamba yamekuwa mabaya. Niliendelea kusema ni mazuri. Ila sasa kumweleza kulikuwa kugumu, maana saa ya mkononi utaielezaje? Dakika saba zikawa nne, nne zikawa mbili. Kuna Jumapili hakupiga. Nilikaa na simu kwenye mapaja nikipinda ukingo wa voile ya mtoto, nikaupinda vibaya, nikaufumua.

Mwaka huu sista alileta la mwisho. Lilikuwa jembamba kama kitabu cha nyimbo. Ndani kulikuwa na barua ya kumshukuru msomaji kwa uaminifu wake na kumjulisha kwamba kuanzia sasa hakuna tena karatasi. Gazeti litasomwa kwenye simu. Chini walichapa kile kimraba chenye madoa madoa. Nikaambiwa nikielekezee kamera. Nilikielekezea. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikala mega zangu zote za intaneti, ikanionyesha picha ya saa.

Nilikaa. Sikuhuzunika kwa ajili ya gazeti, gazeti lilishakufa zamani. Niliona tu kwamba sasa hatutakuwa na kitu chochote. Nilikuwa nimejenga miaka kumi na moja juu ya neno lililosikika vibaya, na sasa hata neno hilo limeondolewa. Nikampigia mimi, ambaye sijawahi kupiga kwanza kwa kuogopa kumsumbua.

Nilimwambia magazeti yamekwisha, hayatakuja tena. Nikaanza kumshukuru kwa miaka yote hiyo, akanikata.

"Yaya. We ulitaka voile ya bibi harusi. Mi nilikutumia ya bateau."

Nililigeuza gazeti la mwisho, jalada chini.

"Nilijua tangu mwezi ya kwanza," akasema. "Kulikuwa muzee moja hapa kazini anaisoma. Nikaona bateau. Nikasema, leo yaya ataniua. Ile dimanche, Jumapili ileile, nikakupigia, niko tayari kabisa. We ukaniambia merci."

Nilimwuliza alitaka niseme nini.

"Unitukane. Kila mwaka nalipa tena, najiambia, mwaka hii atachoka, atanitukana. Miaka yote njo nilikuwa nangojea. Tangu nazaliwa haujaniambiaka merci, yaya. Siku uliniambia merci njo nilijua nimekuwa mugeni kwako."

Ningetaka kuandika kwamba nilimtukana papo hapo. Nilifungua mdomo. Maneno niliyokuwa nayo tele alipokuwa na miaka sita, niliyowamwagia wauza vitambaa na madereva wa pikipiki juzi na jana, hayakutoka. Miaka kumi na moja ya upole ilikuwa imeyazibia njia. Nilichosema, na nilijisikia nikikisema, ni hiki: pole sana, na merci kwa kuniambia. Alicheka kidogo, si kwa furaha. Akasema wazee wanamwita.

Asubuhi nilikuwa nakata voile ya msichana wa kutoka Walungu, shangazi yake ameketi hapo kwenye kiti akingoja. Nikakata vibaya. Nikaweka mkasi mezani, nikachukua simu, nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, na ile sauti yangu ya zamani ikaja. Ilikuja kwa Mashi, lugha ya mama yetu, ambayo kwa simu hatukuwahi kuitumia. Nilimwuliza ni mtu gani anayeagiza kitu bila kukitazama. Nilimwuliza alikuwa na miguu ya nini asiende mwenyewe dukani. Nilimwambia kwamba amekonda katika ile picha ya Krismasi na hakunieleza, kwamba koti lile si lake, kwamba anaogesha wazazi wa watu na kaburi la mama yake lina majani mpaka hapa na hajawahi kuuliza. Nilimwambia mtu hanunui matusi kwa karatasi za Wazungu, angeniomba tu, ningempa bure. Nilimwita mpumbavu. Dakika kumi na mbili. Shangazi wa Walungu, ambaye alisikia kila neno, alisimama polepole akasema atarudi kesho.

Jibu lilifika kabla ya saa sita. Lilikuwa fupi mno, nikalisikiliza mara nne. Alikuwa analia, au anacheka, sikuweza kutofautisha. Alisema, "Ongeza, yaya."

Nikabonyeza tena. Nikafungua mdomo, na hapo nikakuta kwamba matusi yamekwisha, nimeyatoa yote. Kilichobaki ni kwamba nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na kwamba sijapitisha siku bila hamu naye tangu alipoondoka, na hilo sijui mtu hulifokeaje. Nilishikilia kidole pale pale, kisha nikamtumia ukimya huo kama ulivyokuwa.